Besi Moja, Nyumba Mbili: Nilivyochagua Mfumo wa Nyaya za Pikapu

Katikati ya wimbo wa tatu, katika harusi iliyofanyika ndani ya nyumba ya mawe hapa Lamu, nilizungusha kitufe cha sauti cha pikapu ya nyuma, yaani kinasa sauti kimoja kati ya viwili vilivyo chini ya nyuzi za gitaa langu la besi, hadi mwisho ili nimpishe mpiga udi, na besi nzima ikanyamaza. Vidole vyangu viliendelea kupiga nyuzi, lakini katika ampu, ile mashine ya kukuza sauti, hapakutoka chochote, na mpiga ngoma akageuka kunitazama akidhani kwamba umeme umekatika. Nilikirudisha kitufe kidogo, sauti ikarejea kwa kishindo, na papo hapo nikajua kwamba gitaa nililokuwa nimelilipia matengenezo wiki mbili kabla lilikuwa limeungwa visivyo. Fundi aliyelishika ni fundi wa redio, na alikuwa ameunga vitufe vyangu vya sauti vilevile anavyounga kitufe cha redio. Kwa redio angekuwa sahihi kabisa. Kwa besi yenye pikapu mbili, njia ile humfunga mpigaji mikono.

Usiku ule ndio ulionifanya niketi nijifunze nyaya zilizo chini ya bamba la gitaa langu, jambo ambalo kwa miaka yote niliyopiga nilikuwa nimewaachia wengine. Ninaandika haya kwa ajili ya wapigaji wa besi wa pwani yetu ambao wamepata gitaa la mkono wa pili, wanasikia sauti haiwaridhishi, na wanadhani kwamba dawa yake ni kununua gitaa jingine au pikapu mpya za bei kubwa. Mara nyingi dawa iko katika namna pikapu ulizonazo zilivyoungwa.

Pikapu ninayoizungumzia si lile gari la kubebea mizigo. Ni kipande kilichokaa chini ya nyuzi, chenye sumaku ndani na waya mwembamba wa shaba, mwembamba kuliko unywele mnene, uliozungushwa maelfu ya mara kuizunguka sumaku hiyo. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake huivuruga nguvu ya sumaku, na mvurugo huo huzaa umeme mdogo ndani ya waya, kwa kanuni ileile ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Umeme huo mdogo ndio sauti yako. Kila kitu kinachofuata, yaani vitufe, kapasita (kipande kinachopunguza sauti nyembamba), swichi na jeki (tundu la kuchomekea waya wa ampu), ni njia tu ambazo umeme huo unapitia ukienda kwenye ampu, na kila njia hupunguza kitu.

Gitaa langu limeigwa kutoka Jazz Bass, besi ambayo kampuni ya Leo Fender iliitoa mwaka 1960 ikiwa na pikapu mbili, moja karibu na shingo, ndiyo ya mbele, na nyingine karibu na daraja linaloshika nyuzi mwishoni, ndiyo ya nyuma. Kabla yake, mwaka 1951, kampuni hiyo ilikuwa imetoa Precision Bass yenye pikapu moja, na mwaka 1957 pikapu hiyo ikagawanywa vipande viwili, kila kimoja kikishughulikia nyuzi mbili, vikiwa vimeungwa kwa mfululizo na kugeuzwa ili mvumo wa umeme wa kimoja ufutwe na ule wa kingine. Mwenye Precision hana mengi ya kuchagua, na pengine hiyo ndiyo raha yake. Mwenye pikapu mbili ndiye anayelazimika kuamua, kwa sababu vitu viwili vinaweza kuungwa kwa njia nyingi, na kila njia ina sauti yake.

Nianze na lile kosa lililonifedhehesha. Kitufe cha sauti kimekaa juu ya poti, yaani kipande cha kuongeza na kupunguza sauti, na poti ina miguu mitatu. Katika redio, sauti huingia mguu wa pembeni na kutoka mguu wa kati, ambao husogea juu ya njia ya kaboni unapozungusha. Ukizungusha hadi mwisho, mguu wa kati hugusana na waya wa ardhi, ambao mafundi wetu huuita athi, na sauti hufa. Sasa fikiria poti mbili za namna hiyo zilizounganishwa kwenye jeki moja: ukiifunga moja, njia yote ya kutokea imeunganishwa na athi, na pikapu ya pili inakufa pamoja nayo ingawa haina kosa. Katika Jazz Bass mambo hugeuzwa. Waya wa pikapu huingia mguu wa kati, na sauti hutoka mguu wa pembeni, hivyo unapoifunga poti moja unaifunga pikapu yake tu, na nyenzake huendelea kuimba. Gharama yake ni ndogo: poti iliyofungwa hubaki ikiwa mzigo wa kilo-omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) mbele ya pikapu inayosalia, na mzigo huo hula sehemu kidogo ya sauti nyembamba. Katika kurekebisha gitaa langu kazi yote ilikuwa kuhamisha nyaya nne, kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye chuma cha kulehemu chenye ncha safi, na ningeweza kuishia hapo.

Sikuishia hapo kwa sababu ya maneno ya mzee wetu wa udi. Baada ya harusi ile, tukiwa tumeketi barazani tukingoja punda aje kubeba ampu, aliniambia, "Mwanangu, ukizima nakosa mguu wa kusimamia, na ukiwasha wanifunika." Nilimjibu, "Niwie radhi, ami, nitaishughulikia," lakini sikujua ningeishughulikiaje, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupunguza sauti ya ampu mara mbili usiku ule na malalamiko yalikuwa yaleyale. Wingi wa sauti haukuwa tatizo. Sauti yangu ilikuwa imekaa mahali pale ambapo udi hukaa.

Hapa ndipo ilipo sehemu nzito ya jambo hili, yaani uchaguzi kati ya kuunga pikapu mbili sambamba na kuziunga kwa mfululizo. Zikiwa sambamba, kama Jazz Bass inavyotoka kiwandani, kila pikapu ina njia yake ya kwenda kwenye jeki. Zikiwa kwa mfululizo, umeme hupita pikapu ya kwanza kisha ukaingia ya pili kabla ya kutoka, kana kwamba zimekuwa pikapu moja ndefu. Nilipozipima zangu kwa mita, ya mbele ilikuwa na ukinzani wa kilo-omu 7.4 na ya nyuma kilo-omu 7.8. Kwa mfululizo hujumlishwa kuwa 15.2, sambamba hushuka hadi 3.8. Namba hizo si sauti zenyewe, lakini zinaonyesha umbali uliopo kati ya hali hizo mbili, kwa sababu pamoja na ukinzani kuna tabia ya koili, yaani ule waya uliozungushwa, ya kuyapinga masafa ya juu, na tabia hiyo nayo hujumlishwa zikiungwa kwa mfululizo. Matokeo yake ni kwamba sauti ya mfululizo hutoka kwa nguvu zaidi, huvimba katikati, na hupoteza ule mng'ao wa juu ambao hukuwezesha kusikia ukucha ukigusa uzi. Sauti ya sambamba ni tulivu zaidi, ina mng'ao, na katikati yake pana bonde, kwa sababu pikapu zilizokaa mahali pawili chini ya uzi mmoja hazisikii kitu kilekile kwa wakati mmoja, na baadhi ya yale zinayoyasikia hufutana.

Bonde hilo ndilo udi unapoketi. Nilipolitambua hilo nilielewa kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nikipiga na kitufe cha pikapu ya mbele pekee kikiwa wazi, kwa kuamini kwamba hiyo ndiyo sauti ya besi ya kiume, na kumbe nilikuwa nikilijaza bonde hilo kila usiku. Harusi iliyofuata nilifungua pikapu zote mbili kikamilifu, sambamba, katika ukumbi wa nyumba ya kale yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya boriti za mikoko. Nyumba hizi zetu ni nyembamba na ndefu, kwa kuwa upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, na sauti nzito inapoingia humo huzunguka ukutani na kurudi ikiwa imevimba. Chumba chenyewe kilikuwa kinaniongezea unene. Sikuwa na haja ya kuuleta kutoka kwenye gitaa.

Lakini kuna nyumba ya pili, nayo haina kuta. Tunapopiga uwanjani au mbele ya bahari, kusi ikivuma, kukiwa na kinanda cha umeme ambacho mkono wa kushoto wa mpigaji wake hauachi kugusa noti za chini, sauti ile ya sambamba hupotea kabisa. Huisikii besi, unasikia tu kwamba kuna kitu kinatetemeka. Hapo katikati panahitajika, kwa sababu sikio la mtu aliyesimama mita thelathini hutambua noti ya besi zaidi kwa sauti zake za katikati kuliko kwa mtikisiko wa chini. Uzi wa E mtupu ni hezi 41 tu, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, na vipaza sauti vidogo tunavyokodi haviwezi kutoa hezi 41 kwa nguvu yoyote ya maana. Wanaocheza chakacha hufuata besi ili wajue mahali pa kiuno kugeukia, na wakiikosa huonekana usoni mwao. Kwa nyumba hii ya pili, mfululizo ndio unaofaa.

Kwa hiyo niliamua kwamba gitaa langu litakuwa na swichi moja, na moja tu, ya kuhama kati ya sambamba na mfululizo. Niliagiza Mombasa poti ya kuvuta, yaani ile yenye swichi ya miguu sita chini yake ambayo hubadilika unapokiinua kitufe, na ikaletwa kwa basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na kwa boti hadi hapa. Uzuri wa poti hiyo ni kwamba hutoboi tundu jipya katika gitaa. Kikiwa chini, vitufe viwili vya sauti hufanya kazi kama kawaida. Kikiinuliwa, waya wa athi wa pikapu ya mbele huachana na athi na kushikana na waya wa moto, yaani wa kutolea sauti, wa pikapu ya nyuma, na kitufe cha mbele huwa ndicho kinachotawala sauti ya zote mbili.

Kuna tahadhari ambayo sikuipata popote hadi nilipokosea. Pikapu nyingine zina bati au waya wa kukinga uliounganishwa ndani kwa ndani na upande wa athi wa koili. Ukiiinua pikapu ya namna hiyo kutoka kwenye athi, kinga yake yote hugeuka kuwa antena inayobeba mvumo moja kwa moja hadi kwenye ampu. Kinga hiyo lazima itenganishwe kwanza na kupewa waya wake wa tatu. Kazi hiyo hufanyika karibu kabisa na koili, mahali ambapo waya wenyewe una kipenyo cha takriban milimita 0.06, na ukiukata umeiua pikapu. Niliifanya asubuhi, mlango ukiwa wazi, nikiwa nimeilaza mikono juu ya meza ili isitetemeke, na sikuzungumza na mtu hadi nilipomaliza.

Kosa jingine ni la kugeuza nyaya za pikapu moja. Nililifanya pia. Pikapu mbili zikipingana, uzi unapotikisika moja husukuma na nyingine huvuta, na kinachosalia ni sauti nyembamba ya puani, isiyo na chini kabisa. Ukisikia hivyo usiilaumu kapasita wala ampu. Geuza nyaya mbili za pikapu moja na sauti itarudi.

Sasa nizungumzie mvumo, kwa sababu uchaguzi wa nyaya ni uchaguzi wa mvumo pia. Umeme wetu wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50, na mvumo unaoingia katika pikapu ya koili moja huwa wa hezi 50 pamoja na 100. Piga uzi wa G mtupu, ambao ni hezi 98, huku pikapu moja tu ikiwa wazi karibu na taa za mirija, kisha uache uendelee kulia. Utasikia sauti ikiyumba takriban mara mbili kwa sekunde, kama chombo kilichotia nanga penye mawimbi madogo, kwa kuwa noti yako na mvumo ziko jirani mno na zinasukumana. Nilipoligundua hilo niliacha kuulaumu ufundi wa kidole changu. Pikapu za Jazz Bass zilizotengenezwa kwa kugeuziana, yaani moja imezungushwa waya kinyume na sumaku yake imepinduliwa, huufuta mvumo zinapokuwa wazi kwa kiwango sawa. Ukipunguza moja, mvumo hurudi kadiri ulivyopunguza. Katika mfululizo zote mbili hufanya kazi wakati wote chini ya kitufe kimoja, hivyo gitaa huwa kimya siku zote, na kwa mtu anayepiga chini ya taa za kukodi hiyo ni sababu ya kutosha kuipenda swichi hii hata asipojali mengine.

Gitaa langu lilikuwa na mvumo mwingine ambao haukupungua hata nilipogusa nyuzi. Hewa ya hapa ina chumvi, na chumvi haina huruma kwa shaba. Waya wa athi unaopita chini ya daraja ulikuwa umegeuka kijani na kukatika ndani ya ganda lake, huku kwa nje ukionekana mzima. Niliubadilisha, nikasugua jeki hadi chuma kikang'aa, na shimo lote la nyaya nikalitandika karatasi ya shaba iliyounganishwa na athi. Yeyote anayeishi kisiwani na anataka kubadilisha pikapu aanze na haya matatu.

Kuhusu poti zenyewe sina mengi. Kwa pikapu za koili moja tumia kilo-omu 250. Za 500 huongeza mng'ao ambao kwa taarab hauhitajiki. Soma herufi iliyoandikwa juu yake: A ni ile inayopanda kwa kufuata sikio, B ni ile inayopanda kwa mstari ulionyooka, na kwa kitufe cha toni B hufanya mabadiliko yote yarundikane mwishoni pa mzunguko. Kuna pia poti ya kuchanganya, yenye kijishimo katikati, ambayo huchagua uwiano wa pikapu mbili badala ya vitufe viwili vya sauti. Niliazima kutoka kwa mwenzangu gitaa lenye poti hiyo kwa juma zima na nikamrudishia. Nataka mkono wangu ujue pikapu gani imefungwa bila macho kutazama.

Wengi wataniuliza kwa nini sikuweka mfumo wa betri, yaani saketi ya kukuza sauti ndani ya gitaa lenyewe, kama ule uliokuja na besi ya Music Man StingRay mwaka 1976 na kupendwa duniani kote. Faida yake naijua. Waya mrefu kati ya gitaa na ampu hula sauti nyembamba, kwa kuwa waya hufanya kazi kama kapasita ndogo, kila mita ikiwa na takriban pikofaradi 100, na saketi ya betri huuondoa udhaifu huo kabisa; zaidi ya hapo humpa mpigaji uwezo wa kuongeza, si kupunguza tu. Lakini betri ya volti 9 huisha, nayo huanza kuliwa mara tu unapochomeka plagi kwenye jeki, hata kama hupigi, na harusi zetu zina mapumziko marefu ya chakula na nasaha. Nimeshuhudia besi ya mwenzangu ikianza kukwaruza usiku wa manane maduka yote yakiwa yamefungwa. Kifaa kisichohitaji kitu kutoka dukani ndicho ninachokiamini.

Nilipomaliza kulehemu niliingiza waya kwenye jeki na kupima kwa mita kabla ya kuwasha ampu, kitufe kikiwa kimeinuliwa. Ilionyesha kilo-omu 14.3 badala ya 15.2 nilizozitarajia, na kwa dakika chache moyo ulinienda mbio, hadi nilipokumbuka kwamba poti ya 250 nayo imo njiani, sambamba na pikapu, na inapunguza hesabu. Nikarudisha kitufe chini, nikawasha, nikapiga A, nikainua kitufe, nikapiga A ileile. Ya kwanza ilisikika kama imetoka chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Ya pili ilisikika kama mtu ameingia na kuketi mbele yangu.

Tangu hapo nimepiga harusi nne za ndani na mbili za uwanjani. Ami hajaniambia lolote kuhusu besi, naye si mtu wa kunyamaza jambo likimkera. Kilichobaki ni kapasita ya toni. Iliyomo sasa ni ya nanofaradi 47, kipimo cha kawaida, na katika hali ya mfululizo naona inafunga mapema mno, kwa kuwa sauti yenyewe imekwisha kupungua mng'ao kabla ya kuifikia. Nimeagiza ya 22. Boti ya jana haikuileta, na Ijumaa tuna harusi, kwa hiyo kwa sasa nakiacha kitufe cha toni wazi kabisa na kuusogeza mkono wangu wa kulia karibu na shingo.